Sare ni ya Bwawa

Kama ungekuwepo ukumbini asubuhi ile Mama Mdogo Damari alipofunika ishirini yake, nawe ungepiga makofi, usijidanganye. Mji mzima wa Mundeko ulipiga. Hata Sechelela alipiga, naye ndiye mtu pekee kwenye benchi zile aliyejua kwamba mama yake mdogo amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mama Damari alikuwa ameketi kwenye kiti cha chuma, kitenge chake cha kanisani kimepigwa pasi hadi kinang'aa. Mbele yake mezani zimelala karata mbili: mfalme wa kopa na jeki ya uru. Ishirini hiyo. Ng'ambo ya meza yuko Mgawaji, ile mashine isiyo na uso, mikono miwili myembamba tu inayotokea kwenye kisanduku. Naye amelaza zake mbili, zote wazi kama kawaida yake: kumi ya shupaza na malkia wa maua. Ishirini vilevile.

Mundeko hata mtoto ambaye hajang'oa jino anazijua sheria za Wazi, mchezo huo wa karata. Kilele ni ishirini na moja, ukipita umeungua. Mgawaji hafichi kitu. Karata zake unaziona kabla hujaamua lolote, na akifikisha kumi na saba haongezi tena. Ukimshinda, nyumba yako imepona hadi zamu nyingine. Akikushinda, unashuka chini ya mlima, unalazwa kwenye kitanda cha kioo, damu yako inapozwa, na unalala hunywi wala huzeeki mpaka mvua zirudi na bwawa lijae. Mara ya mwisho bwawa lile kujaa, Sechelela alikuwa msichana wa shule. Na mkilingana? Mkilingana, sare ni ya bwawa.

Kwa hiyo Mama Damari alikuwa ameshashindwa, ishirini yake nzuri ikimtazama. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu: kukinga mkono aombe karata ya tatu. Ikija moja, ana ishirini na moja, anarudi nyumbani kwake kulisha kuku. Ikija nyingine yoyote ataungua, lakini kuungua na kulingana si ni kulala kulekule? Aliyetota hajui kutota.

Mama Damari aliitazama ishirini yake, akaitazama ya Mgawaji, akatabasamu. Kisha akanyoosha kiganja akazifunika karata zake. Ametosheka.

"Mama wa watu huyo!" mtu mmoja alipaza sauti nyuma, na makofi yakaanza.

Unaona, Mundeko ni mji uliolelewa na foleni ya maji. Kikombe chako kikishajazwa, unakifunika kwa kiganja, hata kama koo linawaka moto. Anayekinga mara ya pili ni mlafi, na jina hilo likishaingia kwenye nyumba halitoki, hata wajukuu wanakuja kuposa wanakataliwa kwalo. Mama Damari mwenyewe ndiye aliyemfundisha Sechelela, alipomchukua yeye na mdogo wake Ndahani baada ya mama yao kufariki. "Mtoto wa watu hukinga mara moja," alikuwa akimwambia, na kumchapa kibao chepesi cha mkono.

Alipokuwa anapelekwa kwenye mlango wa kushukia, yule mama alisimama kwenye benchi ya Sechelela.

"Umeona, mwanangu? Sikuwatia aibu."

"Nimeona, Mama," Sechelela alijibu.

Basi, hilo ndilo jibu alilompa. Mlango ulifungwa, naye akabaki amekaa, mikono inamuwasha kwa yale makofi.

*

Mkuu wa Maji, Bwana Chitema, hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, Sechelela angepata wa kumlaumu. Mke wake mwenyewe yuko chini tangu ukame wa kwanza, na kwenye meza yake ya ofisi hakuna birika wala glasi ya mgeni. Dirisha la ofisi linatazama bwawa. Ukisimama pale unaona tope jekundu lililopasukapasuka, na katikati kidimbwi cha kijani ambacho ndicho uhai wa mji wote.

"Binti," alisema mchana ule, bila kugeuka kutoka dirishani, "vijana wanasemasema huko mitaani kwamba kitu kilicho wazi hakikosi kushindika. Nataka nisikie kwako wewe uliyekitengeneza. Wazi inashindika?"

"Inategemea anayetaka kushinda ni mtu mmoja au ni mji, mzee."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyefeli hesabu. Maana nilifeli."

Sechelela alivuta pumzi. Hesabu ndiyo kazi yake katika Baraza la Maji, na zamani aliipenda.

"Kuona karata zote za Mgawaji ni faida kubwa sana. Katika michezo ya zamani moja ilifichwa, mtu akawa anabahatisha. Hapa unajua unapambana na nini. Wewe una kumi na tatu, yeye ana kumi na tano? Unatulia, unamwacha yeye aongeze aungue. Wewe una kumi na tisa, yeye ana ishirini? Umeshakufa, kwa hiyo unakinga, hata kama nafasi ni ndogo. Sasa faida yote hiyo tumeirudisha kwa sheria moja tu, kwamba mkilingana bwawa linachukua. Mtu anayecheza kwa akili, bila haya, atashindwa kidogo zaidi ya atakavyoshinda. Karibu nusu kwa nusu."

"Na akikariri karata zilizokwishatoka?"

"Hapati kitu. Mgawaji anachanganya upya kila mtu anapoketi."

"Kwa hiyo hakuna mwenye uhakika wa kushinda."

"Hakuna. Uhakika uliopo ni wa kushindwa tu. Huo unao saa yoyote: unakinga, unakinga, mpaka unaungua."

Bwana Chitema alicheka. "Nani atafanya ujinga huo?" Halafu kicheko kikaisha. "Umesema bila haya. Na watu wetu?"

"Watu wetu wanafunika, mzee. Unajua kwamba wanafunika."

Alijua, ndiyo. Wote wawili walijua, na ndiyo maana hawakutazamana. Hapo mwanzo meza ya Wazi ilikuwa na vitufe viwili, kijani cha kuongeza na chekundu cha kutosha. Kitufe hakina adabu wala utovu wa adabu. Watu walibonyeza kijani walipoona wamezidiwa, karibu nusu yao wakapona, majina ya zamu yakaisha kabla vitanda havijajaa, na bwawa likazidi kushuka. Bwana Chitema akamwita Sechelela, akamwambia watu wa kulala hawatoshi, fanya kitu, lakini sheria usiziguse maana mji umeziapia. Sechelela hakugusa sheria hata moja. Aling'oa vitufe. Akaamua kwamba anayetosheka afunike karata kwa kiganja, na anayetaka nyingine akinge mkono, naye Mgawaji amwekee karata kiganjani, mbele ya macho ya watu wote. Zamu iliyofuata vitanda vilijaa. Walimpigia makofi katika kikao cha Baraza, na usiku ule alishindwa kumaliza ugali wake.

"Nikiwafundisha wote kukinga," Sechelela alisema sasa, "angalau watakuwa wamepigana."

"Na vitanda vitabaki vitupu. Na kidimbwi kile kitakwisha." Chitema alikigonga kioo cha dirisha kwa kidole. "Wale wa chini wanalala, binti. Wanaokufa kwa kiu hawaamki. Umewahi kuzika mtoto aliyekufa kwa kiu? Mimi nimezika. Mtu mmojammoja anaweza kumshinda Mgawaji. Bwawa nani atalishinda?"

Hiyo ilikuwa hesabu ya Sechelela mwenyewe, aliifanya mara nyingi kitandani.

"Kesho inaitwa nyumba ya mdogo wako Ndahani," Chitema akaongeza kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kelele. "Sisi wa Baraza haturuhusiwi kusema neno na aliyeitwa. Tena ukumbuke, akipona yeye, kitanda hakifutwi. Tunakwenda kwa nyumba inayofuata, na inayofuata, mpaka kijae. Usije ukadhani umemwokoa mtu."

*

Ndahani ni fundi mabomba katika mji usio na maji, na mwenyewe huwa wa kwanza kuutania utani huo. Jioni ile hakutania. Alikuwa anawachana nywele mabinti zake mapacha, mmoja kila goti, na mama yao hayupo kwa sababu mama yao alishafunika kumi na nane yake zamu tatu nyuma.

Sechelela alingoja wasichana walale. Kisha akatoa karata mfukoni, akaziweka juu ya mkeka.

"Dada, hiyo ni nini? Si mmekatazwa?"

"Nyamaza unisikilize. Huyu ni Mgawaji, ana kumi na tisa. Wewe una kumi na nane. Unafanyaje?"

"Nafunika. Kumi na nane si haba."

"Umelala chini ya mlima tayari. Umefunika nini sasa? Umefunika jeneza."

Ndahani alizitazama karata kwa muda. Si mjinga yule, alikuwa hajapata tu kuziangalia kwa jicho hilo. Hakuna aliyepata. Mtu akiketi kwenye kile kiti anaangalia alichopewa na kujiuliza kama kinatosha, kama alivyofundishwa tangu udogo. Haangalii alichonacho mwenzake.

"Kwa hiyo nikinge," alisema polepole. "Nina kumi na nane, nikinge mkono mbele za watu kama ombaomba. Unanifundisha ulafi, dada?"

"Nakufundisha kubaki na watoto wako! Kila mara ukiona amekuzidi au mmelingana, kinga. Hata ukiwa na ishirini, kinga. Aibu utaizoea."

Alimpitisha tena na tena, mpaka mkono wa Ndahani ukaacha kusita. Karata zikapigwa, zikachanganywa, zikapigwa. Katikati ya mkono mmoja Ndahani alipewa ishirini, na Sechelela upande wa Mgawaji akajikuta na ishirini pia.

"Dada," Ndahani alisema. "Mama Mdogo leo alikuwa na hizihizi."

"Ndiyo."

"Ulimwambia?"

Sechelela alianza kukusanya karata.

"Nakuuliza, dada. Yule ametulea. Amekunyima wewe kitu gani? Ulimwambia akinge?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikimwambia yeye, nitawaambiaje wengine hapana? Nilisema sheria ni sheria. Nilisema nisianze kwa ndugu zangu."

"Na mimi je? Mimi si ndugu?"

Hapo ndipo aliposhikwa. Angesema nini? Kwamba jana alikuwa na msimamo na leo hana? Kwamba alipomwona Mama Damari anatabasamu pale mlangoni kuna kitu kilikatika ndani yake, na sasa anamlipia mtu mwingine deni la yule mama? Alitazama chumbani walikolala mapacha, miguu yao inatokeza nje ya shuka.

"Kesho kinga," alisema. "Nilaumu baadaye."

*

Ukumbi ulijaa mapema, maana kilibaki kitanda kimoja tu cha zamu na kila mtu alitaka kijae kisije kikamfikia. Familia zilizokuwa kwenye mfuatano zilikaa benchi za mbele. Baada ya nyumba ya Ndahani ilikuwa ya Nyemo, yule dada mshona mikeka, na mtoto wake mchanga mgongoni. Baada ya Nyemo ni Mzee Kusila, fundi viatu ambaye macho yake yameanza kuingia ukungu, hana mtu nyumbani ila mke aliyepooza.

Ndahani aliketi. Mgawaji akajigawia: kumi na tisa. Akamgawia Ndahani: kumi na nane.

"Pole, baba," mama mmoja alinong'ona, kwa ile sauti ya msibani. Watu waliinua viganja tayari kwa makofi.

Ndahani alimtafuta dada yake kwa macho. Sechelela aliangalia viatu vyake mwenyewe. Akasikia ukumbi mzima unavuta pumzi, akajua kwamba mkono umekingwa.

"Yesu wangu! Na kumi na nane?"

"Ana njaa ya nini huyu?"

Mkono wa Mgawaji ulizunguka taratibu, ukaweka karata katikati ya kiganja cha Ndahani. Mbili ya maua. Ishirini. Ndahani akazifunika haraka kama mtu anayefunika sufuria isiingie nzi, taa ya kijani ikawaka, amepona.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alifyonza. Ndahani aliinuka akapita katikati yao kichwa chini, na nyuma yake neno "mlafi" likawa linarushwa kutoka benchi hadi benchi. Lakini Sechelela, nisifiche, moyo wake ulikuwa unaruka. Mapacha watachanwa nywele kesho! Hakuweza kuizuia furaha ile, na hakutaka.

Ikadumu mpaka karani aliposoma jina lililofuata.

"Nyumba ya Nyemo Mlewa."

Nyemo alisimama. Kabla hata hajakisogelea kiti, alianza kufungua kanga iliyomfunga mtoto, akamkabidhi jirani yake. Watoto wachanga hawalazwi, damu yao haihimili baridi ile. Alimkabidhi bila kulia, na kifurushi cha nepi juu, kwa kuwa usiku alishafungasha. Alijijua. Tangu utoto wao Nyemo ndiye aliyesifiwa kwenye foleni kwa kufunika kikombe kikiwa nusu.

Mtoto ndiye aliyelia. Sechelela alijikuta amesimama.

"Namkalia kiti. Nacheza badala yake."

Bwana Chitema, pale jukwaani, alitikisa kichwa. "Binti, keti chini. Wa Baraza hawaitwi."

"Hawaitwi, mzee, ila sheria ya kukalia mtu kiti haikumtoa yeyote. Niliiandika mimi."

Ukumbi ulimshangilia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba walimshangilia. Nyemo alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sechelela akaenda akaketi kwenye chuma kile, ambacho bado kilikuwa na joto la mdogo wake.

Mgawaji akajigawia: kumi na nane. Akamgawia Sechelela kumi ya kopa na tisa ya shupaza.

Kumi na tisa. Ameshinda.

"Funika, dada! Funika!" Watu walikuwa wanacheka kwa raha. Nyemo ameshamchukua mtoto wake, anambusu utosini, anarukaruka.

Sechelela aliinua kiganja kufunika, na hapo ndipo alipomwona Mzee Kusila. Mzee hakuwa akicheka. Alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili, midomo inacheza, anajihesabia, maana alijua karani anashika jina la nani sasa. Na nyuma ya Kusila benchi iliyofuata wamenyamaza, na nyuma yao wengine. Kitanda kilikuwa pale kinangoja. Ndahani alikipisha, yeye naye anakipisha, na bado hakijaondoka.

Alichomfanyia mdogo wake ni kumsogezea mtu mwingine kitanda. Basi.

Akageuza kiganja juu. Akakinga.

Vicheko vilikatika. Mgawaji akaweka karata kiganjani: mbili ya uru.

Ishirini na moja! Ukumbi uliinuka wote. Watu walipiga vigelegele, wale waliokuwa wamekunja uso wakasahau, maana hapo hakuna tena cha kubishana, hicho ndicho kilele na hakuna mtu aliyekumbuka lini kilionekana. Hata Bwana Chitema alianza kupiga makofi. Halafu mikono yake ikasimama hewani, akamtazama Sechelela usoni, na akakumbuka walichozungumza dirishani.

Alipoandika sheria, Sechelela hakuweka katazo la kuongeza juu ya ishirini na moja. Katika mji wa watu wanaofunika, nani angewaza?

Alikinga tena.

Mtoto wa Nyemo alisikika akinyonya. Mkono wa Mgawaji haukusita, mashine ile haina maoni. Saba ya kopa. Ishirini na nane.

"Ameungua," karani alisema, kama haamini.

"Huyu ana wazimu."

"Wazimu gani? Ulafi! Hukumwona mdogo wake? Ni nyumba yao nzima. Kapewa ishirini na moja, bado anataka!"

"Masikini Damari, amelea nini?"

Hilo la mwisho lilimwingia. Alitaka kusimama juu ya kiti awaambie kwamba Damari amelea vizuri, kwamba Damari alikuwa na haki ya kukinga na hakuna aliyemwambia. Alifungua mdomo. Akamwona Chitema, na nyuma ya Chitema dirisha la ukumbi, na kwenye dirisha kile kidimbwi cha kijani. Akaufunga.

Nyemo alipita mbele yake mtoto akiwa mgongoni tena. "Ahsante, dada," alisema, ila hakumtazama machoni. Alimshukuru kama unavyomshukuru mtu aliyekudondoshea kitu bila kujua. Mzee Kusila alibaki amekaa, fimbo imelala magotini.

Ndahani ndiye aliyekuja mbio kutoka nje, akamfikia mlangoni pa kushukia.

"Dada! Wanasema ulikuwa na ishirini na moja. Ulikuwa umeshinda!"

"Nilijua."

Alimwangalia, akaelewa, akakaa chini palepale sakafuni kama mtu aliyepigwa. Sechelela alichuchumaa. Mlinzi alijifanya anaangalia pembeni.

"Niwaambie watu?" Ndahani aliuliza. "Haya ya kukinga, niwafundishe?"

"Ukiwafundisha, vitanda havijai na maji yanakwisha. Usipowafundisha, wataendelea kujifunika wenyewe huku wanachekelea. Nimelala na swali hili mpaka limenila." Alimshika kichwa. "Sasa nakuachia wewe, na sikupaswa kukuachia. Nisamehe. Wachane mapacha vizuri, usiwavute."

Hata hilo lilikuwa kosa jingine juu ya makosa, naye alilijua akilitenda.

*

Chini kuna baridi ya kuingia mfupani na harufu ya dawa. Vitanda vimepangwa ukutani hadi mwisho wa macho, kila kimoja na taa yake ndogo. Mlazaji, kijana mpole mwenye sweta mbili, alimwonyesha chake. Kilikuwa ubavuni mwa Mama Damari, kwa sababu vinajazwa kwa mfuatano na yule wa jana ndiye jirani wa leo.

Sechelela aliinama kwenye kioo. Mama yake mdogo alikuwa amelala na kitenge chake cha kanisani, uso umetulia, karibu anatabasamu. Hata hapo walimlaza mkono mmoja juu ya tumbo, kiganja chini.

"Ananisikia?"

"Hapana, dada. Hakuna anayesikia mpaka mvua."

"Tutaamka pamoja?"

"Bwawa likijaa, wote."

Basi ataamka, yule mama, na kitu cha kwanza atakachokiona ni Sechelela kitanda cha pili, na atauliza, mwanangu, nawe ulifunika? Alipanda akajilaza. Kioo cha pembeni kilikuwa kinene, sura ya Mama Damari ikaonekana imepinda kidogo.

Mlazaji aliandaa sindano, akagonga bomba lake kwa ukucha. Sechelela alikuwa ameweka viganja vyote viwili chini, juu ya mapaja, bila kujua.

"Kinga mkono, dada," kijana alisema. "Nitafute mshipa."

"Wote wanakinga?"

"Wote. Sindano haiingii vinginevyo."

"Na huyu jana alikinga?"

"Alisita kidogo. Aliniuliza kama ni lazima." Kijana alitabasamu kwa kukumbuka. "Nikamwambia ni lazima, mama. Akaniambia basi nimwombee radhi kwa watu."

Sechelela aligeuza mkono wake, kiganja juu. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni, na mlazaji, aliyezoea, alidhani ni hofu ya sindano.

"Nisamehe, Mama," alikiambia kioo.